Betongi kibete wa Nullarbor: taya dogo ni la spishi nyingine au la mtoto tu?

taya_moja

Wakuu, heshima kwenu.

Ninaandaa zoezi la maabara la anatomia linganishi, na mnyama niliyemchagua ni *Bettongia pusilla*, betongi kibete wa uwanda wa Nullarbor kusini mwa Australia. Kwa wasiomjua: betongi ni jamaa wadogo wa kangaruu, wenye mfuko, ukubwa wa sungura hivi, wanaochimbachimba usiku kutafuta uyoga wa chini ya ardhi. Huyu kibete hakuna mwanasayansi aliyewahi kumwona akiwa hai. Ngozi yake haipo, picha haipo, wala hakuna aliyehifadhiwa kwenye chupa ya spiriti. Ipo mifupa ya mapangoni basi, na jina alipewa na McNamara mwaka 1997.

Maswali yatakayonijia nayajua, na sina majibu ya kuridhisha:

Kwanza, huo ukibete umethibitishwaje? Taya dogo linaweza kuwa la mtoto wa betongi mkubwa. Na Nullarbor walikuwepo betongi wengine, wakiwemo *Bettongia lesueur* na *Bettongia penicillata*.

Pili, kazi yenyewe inakwendaje, kutoka kifusi cha pangoni mpaka jina la kisayansi? Nataka hatua, si maelezo ya jumla.

Tatu, kama ushahidi wote ni mifupa, tunajuaje alitoweka lini?

Mezani ninazo nakala nne za mataya ya chini ya betongi, zimechapwa kwa printa ya 3D kutokana na skani za uso wa mfupa. Lebo zimechanganyika. Yote manne yana meno matano nyuma ya pengo (sehemu isiyo na jino baada ya meno ya mbele kabisa), kwa hiyo nilichukulia kwamba yote ni ya wanyama wazima. Ila moja, jino lake la kwanza kati ya hayo matano ni dogo kupita kiasi. Ndilo la kibete?

---

mwamba_chokaa

Mkuu, swali lako la kwanza na hilo taya lako ni kitu kimoja, kwa hiyo nayajibu pamoja. Andika ubaoni kabla ya yote: taya hukua, jino halikui. Taji la gego likishatoka kwenye ufizi, ukubwa wake ndio huo mpaka mnyama afe. Litalika, litavunjika, lakini haliongezeki hata nywele moja. Ndiyo maana mtu anayetafuta spishi ndogo hapimi urefu wa taya, anapima meno.

Sasa mtego. Betongi mzima ana meno matano nyuma ya pengo katika kila upande wa taya la chini: la kwanza ni gego dogo lenye umbo la ubao wa msumeno, limesimama wima na lina mifereji myembamba kutoka juu kwenda chini pande zote mbili, kisha yanafuata magego manne. Mtoto aliyeanza kujitegemea naye anaweza kuwa na matano, lakini si yaleyale. Kwake la mbele ni msumeno wa utotoni, ambao ni mfupi na una mifereji michache. La pili ni gego la utotoni, na hili limeumbwa kama gego kamili, ndiyo maana linahesabiwa vibaya kila mara. Baada yake yapo magego matatu, na la nne bado limo ndani ya mfupa.

Baadaye msumeno wa kudumu unapanda kutoka chini na kuyasukuma nje yote mawili, msumeno mdogo na gego la utotoni. Jino moja linachukua nafasi ya mawili. Wakati huohuo gego la nne linatokea nyuma. Matano yalikuwa matano, yamebaki matano. Kuhesabu peke yake hakukuambii chochote.

Kwa hiyo chukua lenzi ya mara kumi na uangalie jinsi meno yalivyolika kwenye lile taya lenye jino dogo:

Kama jino la pili kutoka mbele limelika kuliko la tatu, na la tatu kuliko la nne, na nyuma ya la mwisho kuna tundu au uvimbe kwenye mfupa, huyo ni mtoto. Gego la utotoni hutoka mapema kuliko magego mengine, hivyo ndilo linalotangulia kulika.

Kama msumeno una makali mapya kabisa lakini gego lililo nyuma yake limeshapoteza vilima, huyo ni mnyama aliyemaliza kubadilisha meno karibuni. Msumeno wa kudumu huchelewa kutoka, kwa hiyo huonekana mpya kando ya jirani mzee.

Jambo la kukuharibia kazi ni hizo nakala. Skani ya uso haioni ndani. Kwenye mfupa halisi ungepiga eksirei au skani ya CT na kuuona msumeno wa kudumu umelala kwenye kijumba chake chini ya yale meno mawili, na hapo mjadala umekwisha. Nakala ya plastiki ni imara ndani au ni tupu, haina siri yoyote. Omba faili la CT kwa walioskani. La uso halitoshi.

---

Chekecheke

Nitachukua la pili. Mkuu mwamba_chokaa ameanza mwisho wa safari; mimi naanza kwenye vumbi.

Nullarbor ni bamba la mawe ya chokaa la karibu kilomita za mraba 200,000, sehemu iko Australia Magharibi na sehemu Australia Kusini. Limetobolewa na mashimo. Mifupa huingia humo kwa njia tatu kuu: mnyama kudumbukia kwenye shimo na kushindwa kutoka, mla nyama kuburuta mawindo, na bundi kutema madonge ya manyoya na mifupa chini ya kituo chake. Lazima ujue njia ipi kabla ya kupima chochote. Bundi wa ghalani humudu zaidi mawindo ya gramu chache hadi mia na kitu, wakati betongi kama *penicillata* hufika kilo moja na zaidi. Maana yake lundo la bundi huyo litajaa betongi watoto. Ukichukua wastani wa lundo hilo na kuulinganisha na mafuvu ya wakubwa yaliyoko makumbusho, umejitengenezea spishi kibete ambayo haikuwahi kuishi. Shimo la kudumbukia halina upendeleo huo, au tuseme lina mdogo zaidi.

Kazi yenyewe:

Chimba kwa mikato ya sentimita 5, usivuke mpaka wa tabaka ukiona rangi au umbile la udongo limebadilika. Pima uzito wa kila ndoo kabla ya kuchekecha, la sivyo huwezi kulinganisha mkato mmoja na mwingine.

Chekecha kwa chekeche mbili zilizopandana, ya juu ya tundu la milimita 5 na ya chini la milimita 1. Wengi huishia na ya milimita 3 kwa sababu inakwenda haraka. Gego la nyuma kabisa la betongi ni dogo kuliko yote, na likichomoka linapita hapo bila kukuaga. Halafu mtu anaandika kwamba gego la nne "halikupatikana".

Lebo mbili kila mfuko, moja ndani na moja nje, kwa penseli au wino usiofutika. Mfuko wenye lebo ya nje tu ukisuguliwa na mchanga kwenye gari, mfupa wako hauna tena anwani.

Baada ya hapo osha kwa maji kwenye chekeche ya chini, anika kivulini, na uchague kwa kibano chini ya hadubini ya kukuza kidogo. Toa kwanza mataya na vipande vya kaakaa vyenye meno. Mbavu na pingili ziweke kando. Zina kazi yake lakini si kwa kutoa jina.

Mezani, swali la kwanza ni kama huyu ni mwenye mfuko au la. Geuza taya la chini ulitazame kwa nyuma. Kwa wenye mfuko, pembe ya nyuma ya taya imekunjwa kwa ndani kama rafu ndogo. Koala karibu hana, lakini kwenye wanyama wa ukubwa huu alama hiyo inatosha. Panya hana rafu hiyo, na meno yake ya mbele yana enameli ya rangi ya chungwa. Sungura ana vijino viwili vidogo vilivyojificha nyuma ya yale makubwa ya juu, na ubavu wa fuvu lake mbele ya jicho umetobokatoboka kama wavu.

Swali la pili: ni wa ukoo wa kangaruu? Tafuta tundu kubwa chini ya mahali taya linapopanda kwenda juu. Msuli wa kutafuna huingilia hapo na kusonga mbele ndani ya mfupa, na kwa betongi mfereji huo unafika mbali mpaka chini ya msumeno. Tatu: magego. Ya betongi yana vilima vinne vilivyo butu na vya chini. Ya wallaby yana matuta mawili yaliyokingama kama boriti za dari. Ukimaliza hayo matatu umeshabaki na betongi, na hapo ndipo ubishi wa spishi unapoanza.

---

Kibano

Chekecheke, nakubaliana na yote isipokuwa "osha kwa maji". Hapo nasimama.

Mifupa ya mapango makavu ya Nullarbor mara nyingi imebeba chumvi. Chumvi ikilowa inayeyuka, ikikauka inaganda upya ndani ya vinyweleo vya mfupa na kuupasua vipandevipande. Mtu anaosha Jumatatu, Alhamisi anakuta enameli imebanduka. Ukilazimika kuosha, fanya hivyo kwa maji yaliyochujwa madini, badilisha mara kadhaa hadi chumvi iishe, na ukaushe polepole. Na kuna sababu kubwa zaidi: maji huharakisha kuharibika kwa DNA. Kama kuna uwezekano wowote wa kupima vinasaba, chekecha pakavu, tumia brashi laini, vaa glavu, na tenga sampuli kabla ya kitu chochote kugusa mfupa.

Gundi pia. Mfupa unaomeng'enyeka unatiwa Paraloid B-72, gundi ya plastiki ya akriliki, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, takriban asilimia 5 ukiwa unaimarisha, nzito zaidi ukiwa unaunganisha. Inatoka tena ukitia asetoni. Supaglu haitoki vizuri na inabadilika rangi. Lakini hata Paraloid ni uchafu kwa maabara ya kaboni na ya DNA, kwa hiyo mpangilio ni huu na usiupindue: picha, CT, nakala, sampuli, ndipo gundi.

Ukitaka wanafunzi waone kwa nini nasisitiza, wape kisa cha *Bettongia anhydra*, na uwaambie mapema wasimchanganye na *pusilla*. Mwaka 1933 Michael Terry, mtafuta madini na msafiri wa jangwani, alichukua fuvu la mnyama mdogo aliyekamatwa na watu wa msafara wake karibu na Ziwa Mackay, magharibi mwa Northern Territory. Fuvu moja. Mwaka 1957 Finlayson aliliandika kama nususpishi ya *Bettongia penicillata*. Baadaye likafutwa na kuunganishwa na *lesueur*, na watu wakalisahau kwenye droo. Mwaka 2015 ndipo McDowell na wenzake walipolirudia. Walipima umbo la msumeno, urefu wa pua, uwiano wa taya la chini na namna magego yanavyopungua ukubwa kutoka mbele kwenda nyuma, wakaongeza DNA ya mitokondria. Jeni ya sitokromu b ilitofautiana na ya betongi wengine wote kwa asilimia 9.6 hadi 12. Wakati huohuo walitambua kielelezo cha pili cha spishi hiyo, kutoka lundo la mifupa la Holosini (zama za karibu miaka elfu kumi na kidogo iliyopita hadi leo) huko Australia Magharibi. Jumla vielelezo viwili.

Fuvu hilo lilibaki na DNA kwa sababu lilikaa kavu. Lingechemshwa kwa sabuni ili lipendeze kwenye kabati, hadithi ingeishia 1957.

Wakati wa kutoboa mfupa kuchukua sampuli ya DNA, keketa polepole. Joto la drili iendayo kasi linakata nyuzi za DNA kabla hujazikusanya. Tumia chumba ambacho hakijawahi kuingizwa sampuli za wanyama wa sasa, na kila safari ya uchambuzi iambatane na chupa tupu isiyotiwa mfupa. Chupa hiyo ikitoa DNA ya betongi, tupa matokeo yote.

Kuhusu jina, kuna kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama na haijali kama mnyama ana nyama au ana mfupa tu. Jina lolote lililotolewa baada ya 1930 lazima liambatane na maelezo ya sifa zinazomtofautisha mnyama, si "ni mdogo" pekee. Lazima kuwe na kielelezo kimoja mama kinachobeba jina, na kwa majina ya kuanzia 2000 mwandishi anatakiwa akitaje waziwazi na aseme kinahifadhiwa makumbusho gani. Chagua kielelezo mama chako kwa akili. Taya lenye msumeno wa kudumu uliotoka kamili na magego yote manne yasiyolika sana lina thamani kuliko fuvu zuri lisilo na meno.

---

taya_moja

Nawashukuru sana wakuu. Nimerudi kwenye yale mataya na lenzi. Lile lenye jino dogo: la pili limelika hadi vilima vimekuwa mabwawa, la tatu limelika kiasi, la nne bado lina ncha. Nyuma ya la tano mfupa umevimba. Basi ni mtoto, naona aibu kidogo.

Lakini sasa nina swali jingine. Nimepima upana wa gego lilelile kwenye mataya mengine, lakini sijui tofauti kiasi gani ndiyo "kubwa mno". Mstari unachorwa wapi?

---

mwamba_chokaa

Usione aibu, mtego huo umewanasa waliosomea kazi hiyo.

Kwanza umefanya vizuri kupima upana badala ya urefu. Meno yaliyopangana husuguana ubavu kwa ubavu na kulana urefu kadiri mnyama anavyozeeka, kwa hiyo betongi mzee ana gego fupi kuliko lilivyotoka. Upana hauathiriki hivyo. Pima penye upana mkubwa kabisa wa taji, mara tatu, ukiondoa kalipa na kuirudisha kila mara. Kalipa ya kidijitali itakuonyesha mia ya milimita, usiiamini. Jino la milimita 3 ukilikosea kwa 0.1 tayari ni zaidi ya asilimia 3.

Kisha tafuta kigezo cha mtawanyiko: gawanya mkengeuko sanifu kwa wastani, zidisha kwa 100. Kwa upana wa gego ndani ya spishi moja ya mamalia, namba hiyo kwa kawaida haifiki 10, mara nyingi inazunguka 4 hadi 6. Mfano wa kubuni wa kufanyia hesabu darasani: 3.1, 3.2, 3.0, 3.3, 3.1. Wastani 3.14, mkengeuko 0.114, kigezo 3.6. Spishi moja, hakuna wasiwasi. Ongeza taya la sita lenye 2.4 na kigezo kinaruka hadi 10.6. Hapo unasimama.

Kusimama tu, si kutoa jina. Orodhesha mambo ya kuondoa kwanza. Je, ni gego la utotoni limehesabiwa kama la kwanza? Je, gego la tatu limewekwa kwenye safu ya la pili? Ndiyo makosa mawili yanayoongoza, na yote ni ya kuhesabu. Je, ni dume na jike? Kwa betongi jinsia hazipishani sana kwa ukubwa, kwa hiyo sababu hiyo ni dhaifu, ingawa kwa kangaruu wakubwa ingekuwa ya kwanza. Je, ni mahali au zama tofauti? Wanyama wa spishi moja huweza kuwa wadogo sehemu kame.

Ukimaliza hayo na wadogo bado wamejitenga, tafuta tofauti ya umbo isiyotokana na ukubwa: mifereji ya msumeno, mwelekeo wa ubao wake kulinganisha na safu ya magego, jinsi magego yanavyopungua kwenda nyuma. Spishi mbili zikiwa zimeishi pamoja, utaona wadogo na wakubwa katika tabaka moja na hakuna wa katikati. Kwangu mimi hoja hiyo ina nguvu kuliko namba yoyote.

Na ukihesabu wanyama wangapi unao, hesabu mataya ya kushoto peke yake, kisha ya kulia peke yake, chukua idadi kubwa. Kuyajumlisha ni kumhesabu mnyama mmoja mara mbili.

---

tabaka_la_tatu

Naona la tarehe limeachwa.

Kaboni-14 inapima mfupa kupitia kolajeni yake, yaani protini iliyomo ndani ya mfupa, na mapango ya nchi za joto huila kolajeni haraka. Mara nyingi unatoa nusu gramu ya mfupa, ambayo kwa taya la betongi kibete ni sehemu kubwa ya taya lenyewe, na maabara inakujibu kolajeni haitoshi. Ndiyo maana hupeleki kielelezo mama. Unapeleka kipande kisicho na meno kutoka mkato uleule.

Ila mkato uleule nao una matatizo. *Bettongia lesueur* ndiye pekee katika ukoo wa kangaruu anayeishi kwa kawaida kwenye mashimo aliyoyachimba. Akiingia pangoni anafukua sakafu, ya chini inakuja juu na ya juu inazama. Mkaa uliopata tarehe hauwezi kuuapia mfupa uliolala kando yake. Pima mfupa wenyewe, au pima mingi na uone kama tarehe zinafuatana kwa kina.

Majibu yasahihishwe kwa mstari wa kubadilisha umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda, na uwe ule wa kizio cha kusini cha dunia, SHCal20, si wa kaskazini. Na wanafunzi wajue kwamba "kabla ya sasa" kwenye ripoti hizo maana yake ni kabla ya 1950.

Sasa ugumu wa swali lako: kati ya karibu 1650 na 1950 mstari huo una mabonde na miinuko kiasi kwamba tarehe moja inaweza kuangukia popote. Kaboni haiwezi kukuambia kama betongi alikufa 1700 au 1900, na hiyo ndiyo miaka tunayoihitaji. Kwa hiyo hutumiwa wageni. Sungura waliachiwa porini Victoria mwaka 1859 na wakasambaa. Mfupa wa betongi uliolala juu kabisa ya sakafu, mweupe, pamoja na wa sungura, bila dalili ya kufukuliwa, una hoja ya kuwa wa baada ya Wazungu. Wa *anhydra* hauna ubishi, mnyama alikamatwa 1933. Waliobaki tunasema "waliishi hadi karibuni" na tunanyamaza hapo.

Kilichowamaliza betongi wengi barani ni paka na mbweha wekundu walioletwa, pamoja na mabadiliko ya mioto na malisho. Burbidge na McKenzie walionyesha mwaka 1989 kwamba waliopigwa vibaya zaidi ni mamalia wa gramu 35 hadi kilo 5.5, na betongi wamo katikati kabisa ya fungu hilo. Hasara si ya mnyama tu. *Bettongia penicillata* mmoja hufukua takriban tani 4.8 za udongo kwa mwaka, na kinyesi chake husambaza mbegu za uyoga unaolisha mizizi ya miti.

Neno "katoweka" kwenye zoezi lako liandike kwa tahadhari kidogo, kwa sababu ya *Burramys parvus*, mnyama mdogo mwenye mfuko wa milimani. Robert Broom alimwelezea mwaka 1895 kutokana na mifupa ya mapango ya Wombeyan, New South Wales. Naye ana jino la msumeno. Kwa miaka 70 alihesabiwa kuwa ni wa kale, hadi mwaka 1966 alipokutwa hai ndani ya nyumba ya watelezaji theluji kwenye Mlima Hotham, Victoria. Kwa *pusilla* sitarajii muujiza kama huo. Burramys alijificha milimani kwenye mawe na theluji. Nullarbor ni uwanda wazi wenye paka.

---

Chekecheke

Kibano, nimekubali kuhusu chumvi. Nilikuwa na mapango ya unyevunyevu kichwani.

taya_moja, kama wanafunzi wako wako Afrika Mashariki hawatashika taya la mwenye mfuko kwa urahisi. Bara letu halina hata mmoja leo. Waliopo ni visukuku vya kaskazini, kama *Peratherium africanum* wa Fayum, Misri. Lakini ujuzi wa mikono ni uleule, na bundi wa ghalani tunao. Kusanya madonge makavu chini ya paa la ghala au kanisa, kwa glavu na barakoa. Yagandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja kuua nondo na viluwiluwi vyake. Loweka donge moja kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa saa moja, litenganishe kwa vibano viwili, na kila taya libandike kwenye kipande cha plastisini likiwa limetazama juu.

Utapata panya wengi na virukanjia. Virukanjia wa jenasi *Crocidura* wana meno meupe matupu yenye ncha, hawana pengo kama la panya. Waache watafute ile rafu ya nyuma ya taya na wasiipate; kutoiona mara hamsini kunafundisha kuitambua siku ikiletwa. Kisha wape zile nakala zako nne, bila lebo, na la mtoto liwemo.

Madonge ya ghalani hayana shida. Mapango usiyaguse bila kibali: Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, Tanzania ile ya mambo ya kale ya 1964, na Australia nako huondoi mfupa pangoni bila ruhusa.

---

taya_moja

Nimelielewa. Faili la CT nimeliomba. Likija nitalipandisha hapa, tuone kama msumeno wa kudumu umo chini ya yale mawili.

---

mwamba_chokaa

Likija, kata picha kwa mstari unaopita katikati ya safu ya meno, usikate kwa kukingama. Kwa kukingama utaona nundu nyeupe tu na utabishana na kila mtu. Na hesabu mifereji ya huo uliofichika, ndiyo itakayokuambia ni mtoto wa nani.